Taa ya fowili inawaka lakini matairi ya mbele hayavuti: tuzichunguze habu otomatiki kabla ya mvua

MwanaMasasi (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, hasa wenzangu mnaoendesha pikapu Mtwara na Lindi, salaam.

Msimu wa korosho unaposhika kasi na mvua za Desemba zikiwa njiani, malalamiko huwa ni yale yale. Dereva ameingiza fowili, yaani mfumo wa matairi yote manne kusukuma, taa imewaka kwenye dashibodi, naye ana hakika kwamba matairi yote manne yanasukuma. Kumbe gari linachimba kwa matairi ya nyuma peke yake mpaka ekseli inalala juu ya mchanga. Likivutwa hadi gereji, mwenye gari anaambiwa kwamba transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma) imekufa, au difu (gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kati ya tairi la kushoto na la kulia) imeliwa meno. Nimeshuhudia difu nzima ya mbele ikishushwa katika gereji moja ya huku kusini, ikafunguliwa, ikakutwa haina kasoro yoyote, na mwenye gari akailipia kazi hiyo, ilhali ugonjwa ulikuwa kwenye habu ya tairi la kushoto, kifaa kinachoenea kiganjani ambacho huunganisha tairi na shafti yake. Jambo hili linaniuma, kwa sababu uchunguzi wenyewe unahitaji jeki, stendi imara, chaki na utulivu wa mtu asiyekimbilia spana.

Tuanze na taa. Taa ile huwashwa na swichi iliyoko kwenye transfa, na inachokishuhudia ni kwamba transfa imeunganisha propela ya mbele, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu ya mbele. Kwenye magari mengi yenye habu otomatiki za kimakanika, hakuna waya wowote unaokwenda kwenye habu, kwa hiyo taa haina habari kama habu zimefunga au la. Dereva anayeitegemea taa peke yake anategemea shahidi ambaye hakuwapo kwenye tukio.

Pikapu nyingi za zamani tulizo nazo ni za fowili ya kuingiza pale inapohitajika tu. Ukiwa kwenye 2H, injini inasukuma matairi ya nyuma. Ukiingiza 4H (fowili ya mwendo wa kawaida) au 4L (fowili ya gia nzito), transfa inaizungusha propela ya mbele, propela inaizungusha difu ya mbele, na difu inazungusha shafti mbili zinazokwenda kwenye matairi. Mwisho wa kila shafti ndipo ilipo habu. Habu ikiwa wazi, tairi linazunguka peke yake na shafti imetulia. Habu ikifunga, shafti na tairi vinakuwa kitu kimoja. Kwenye habu za mkono unashuka garini na kugeuza kitasa kutoka FREE kwenda LOCK. Kwenye habu otomatiki kazi hiyo hufanywa na mzunguko wa shafti yenyewe. Ndani yake kuna kipande cha msuguano kilichoshikiliwa na sehemu ya ekseli isiyozunguka. Shafti inapoanza kuzunguka, kipande hicho kinaizuia nusu moja ya chuma chenye miteremko, nusu ya pili inapanda miteremko hiyo, na kwa kupanda kwake inaisukuma gia ndogo inayoteleza hadi meno yake yaingie kwenye meno ya kasha la habu. Hapo tairi limeshikwa.

Sasa angalieni kinachotokea wakati wa kutoa. Ukirudisha liva kwenye 2H na kuendelea mbele, tairi linaendelea kuizungusha shafti kuelekea upande ule ule, kwa hiyo habu inabaki imefunga. Ni mpaka urudi nyuma polepole, kwa mstari ulionyooka, mita mbili au tatu, ndipo nusu ile inateremka kutoka kwenye mteremko wake, springi inairudisha gia, na shafti inasimama. Barabara za lami zimetuzoesha vibaya katika hili. Mtu anatoka kwenye mchanga wa Tandahimba, anapanda lami, anatoa fowili huku gari likitembea, na anafika Mtwara mjini habu zikiwa bado zimefunga. Gari halitavunjika kwa safari moja ya namna hiyo, lakini shafti, mipira yake, difu na propela vinazunguka njia nzima bila sababu, na usukani unakuwa mzito kidogo bila dereva kujua kwa nini.

Jambo la pili, na hili ndilo ninaloomba kila mmoja alishike, ni kwamba difu ya mbele kwenye pikapu nyingi ni ya kawaida isiyo na loki. Difu ya namna hiyo haiwezi kulipatia tairi moja nguvu kubwa kuliko ile ambayo upande wa pili unaweza kuipokea. Habu ya kushoto isipofunga, shafti ya kushoto inazunguka bure, na tairi la kulia, hata kama habu yake imefunga barabara, halipati kitu. Habu moja ikifa, matairi yote mawili ya mbele yamekufa. Ndiyo maana dalili inafanana kabisa na ya transfa iliyoharibika, na ndiyo maana watu wanashusha vitu vikubwa kabla ya kugusa vidogo.

Namna ya kutofautisha ni hii. Zima injini, weka gari mahali tambarare, weka kabari kwenye matairi ya nyuma, kwa sababu breki ya mkono peke yake si ya kuaminiwa mtu anapoingia chini ya gari. Gia kuu iwe huru. Transfa ikiwa 2H na habu zikiwa wazi, shika propela ya mbele kwa mkono na uizungushe: inapaswa kuzunguka. Kisha ingiza 4H na ujaribu tena: inapaswa kugoma, isipokuwa kwa mchezo mdogo wa meno. Ikiwa kwenye 4H bado inazunguka, sogeza gari kidogo ili meno yakutane, ujaribu mara nyingine. Ikiendelea kuzunguka, hapo una haki ya kuilaumu transfa au liva yake. Ikigoma, transfa iko salama na unapaswa kwenda kwenye habu.

Kwenye habu, ingiza 4H na uendeshe mbele polepole mita kadhaa juu ya mchanga au udongo, kamwe si juu ya lami kavu. Simama bila kurudi nyuma hata kidogo. Zima injini, acha gari kwenye gia, weka kabari, chora mstari wa chaki kwenye shafti zote mbili za mbele, kisha inua tairi moja la mbele, liweke juu ya stendi na ulizungushe kwa mkono. Habu zote mbili zikiwa zimefunga, tairi litacheza kidogo tu na kugoma pande zote mbili. Likizunguka, usikimbilie kuihukumu habu ya tairi hilo. Tazama chaki. Ikiwa tairi linazunguka na shafti yake imetulia, habu ya upande huo haijafunga. Lakini ikiwa tairi linazunguka pamoja na shafti yake, na shafti ya upande wa pili inazunguka kinyume, basi habu uliyoishika ni nzima na mgonjwa ni ile ya upande wa pili. Nimeona habu nzima ikifunguliwa na kutupwa kwa sababu mtu hakutazama upande wa pili.

Naomba wenye uzoefu waongeze, na wenye matatizo waeleze dalili zao kwa ukamilifu: sauti gani, upande gani, kwenye mwendo gani, na gari lilipita wapi siku za karibuni.

Dereva wa Liwale

Kaka, ninakushukuru kwa maelezo haya. Pikapu ninayoendesha ni ya dizeli, ina habu otomatiki, na kazi yake ni kati ya Nachingwea na Liwale. Kwenye utelezi nikiingiza fowili ninasikia sauti ya ka-ka-ka kutoka mbele kulia, hasa ninapoongeza mafuta, halafu gari halivuti. Nikirudi 2H sauti inaweza kuendelea kwa muda kisha ikapotea. Mimi niliamini kwamba nikiwa 2H habu zote zinafunguka vizuri, kwa sababu nilimwomba utingo atembee pembeni ya gari na kutazama propela ya mbele, naye akasema imetulia kabisa. Je, hilo halitoshi kuthibitisha?

MwanaMasasi

Kaka wa Liwale, kwa bahati mbaya halitoshi, na swali lako ni zuri kuliko linavyoonekana. Chukulia kwamba habu ya kulia imebaki imefunga na ya kushoto iko wazi. Tairi la kulia linaizungusha shafti yake. Nguvu hiyo inaingia kwenye difu na ina njia mbili za kutokea: kuizungusha propela, ambayo inaburuta sehemu za ndani ya transfa, au kuizungusha shafti ya kushoto kinyume, ambayo haijashikwa na kitu. Mara nyingi shafti ya kushoto ndiyo nyepesi zaidi, kwa hiyo inazunguka kinyumenyume huku propela imetulia au inasogea kidogo tu. Utingo wako amesema kweli kuhusu alichokiona, ila alitazama mahali pasipo na jibu. Unapaswa kutazama shafti zenyewe. Inua matairi yote mawili ya mbele juu ya stendi, transfa iwe 2H, na uzungushe kila tairi kwa mkono: shafti ikiifuata tairi, habu hiyo haijafunguka.

Kuhusu sauti ya ka-ka-ka, hiyo kwa kawaida ni ya meno yanayokutana nusunusu. Gia inayoteleza inasukumwa kuingia, haifiki mwisho wa safari yake, meno yanashikana kwa ncha na kuachia, yanashikana na kuachia. Usiendelee kuendesha hivyo kwenye mzigo, kwa maana kila mlio ni kipande cha ncha ya jino kinachoondoka. Na sauti kutoka kulia haimaanishi moja kwa moja kwamba kulia ndiko kwenye kosa, ingawa katika hali hii ya mlio wa meno ningeanzia huko. Fanya jaribio la chaki kabla hujafungua chochote.

Gereji ya Mikindani

Ndugu zangu, mimi ni fundi na nitasema bila kuficha: habu otomatiki hazikutengenezwa kwa maisha ya huku. Mchanga wetu ni laini, unaingia kila mahali. Maji ya bahari yako karibu. Na dereva wa kukodishwa hawezi kukumbuka kurudi nyuma kila anapotoa fowili. Wateja wangu wote wenye tatizo hili ninawashauri wang'oe habu otomatiki na kuweka za mkono. Habu za mkono zina sehemu chache, unaziona kwa macho kama zimefunga, na hazifunguki zenyewe unapobadilisha kutoka mbele kwenda nyuma kwenye matope. Hili la mwisho ndilo kubwa. Mtu aliyekwama huwa analitikisa gari mbele na nyuma ili litoke, na kila anapobadilisha uelekeo, habu otomatiki inafunguka kwanza na kufunga tena upande wa pili kwa kishindo. Ni kupiga nyundo juu ya meno yale yale.

MwanaMasasi

Fundi, katika hoja yako ya kutikisa gari tuko pamoja kabisa, na ninaiongezea uzito: mwenye habu otomatiki aingize fowili kabla ya kuingia kwenye mchanga au matope, akiwa amesimama au anatambaa, matairi yakiwa yamenyooka, badala ya kusubiri mpaka amekwama. Kwenye mteremko kama ule wa kutoka Newala kwenda bonde la Ruvuma, ni wajibu kuhakikisha kwamba habu zimefunga kabla ya kuanza kushuka. Habu ambayo haijafunga haitaiwezesha injini kulizuia gari kwa matairi ya mbele, na dereva ataligundua hilo mahali pabaya.

Ninapotofautiana nawe ni kwenye kung'oa kabla ya kuchunguza. Habu za mkono si mpya wala si za kubahatisha. Kampuni ya Warn ya Marekani ilianza kuzitengeneza mwaka 1948 kwa ajili ya magari ya jipu yaliyobaki baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na mpaka leo zinaheshimika. Lakini lazima zioane na idadi ya meno ya shafti na idadi ya bolti za gari husika, na kwenye magari mengi nati inayoshika beringi za tairi pamoja na washa zake hubadilishwa pia, kwa sababu kipande cha msuguano cha habu otomatiki kilikuwa kinakaa hapo hapo. Nimeona habu za mkono zilizofungwa juu ya nati ya zamani bila kifaa chake cha kuzuia isilegee. Nati ikalegea, beringi ikaanza kucheza, na mwenye gari akawa amenunua tatizo la hatari kuliko lile la kwanza. Mwenye uwezo wa kununua seti kamili inayolingana na gari lake, aweke, sina ubishi. Asiye na uwezo, habu yake ikifunguliwa na kusafishwa ipasavyo, mara nyingi inarudi kazini.

Binti Tandahimba

Shikamooni kaka zangu. Nimesoma uzi wote na nimekwenda kutazama pikapu yetu, ambayo ni Toyota Hilux tunayobebea salfa na maboksi ya viuatilifu kwa wakulima wa korosho. Katikati ya tairi la mbele kuna kifuniko bapa tu, hakuna kitasa wala kasha la habu lililojitokeza. Shafti zinazunguka muda wote, hata ikiwa 2H. Je, habu zetu zimegoma kufunguka?

MwanaMasasi

Marahaba, dada. Gari lenu halina ugonjwa huo, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kumpa mtu ruhusa ya kufungua. Hilux nyingi zimeundwa kwa mfumo mwingine: matairi yameunganishwa na shafti moja kwa moja, na kinachotenganishwa ni shafti ya upande mmoja ndani ya difu ya mbele. Kwa hiyo kuona shafti zikizunguka kwenye 2H ni hali ya kawaida kwenu, na jaribio langu la chaki halikuhusu. Kazi ya kuunganisha kwenye baadhi ya gari hizo hufanywa na kifaa kinachovutwa na vakyumu (mvuto wa hewa), na kwenye nyingine na mota ndogo ya umeme. Fowili ikigoma, fundi aanze na mipira ya vakyumu kama imepasuka au imechomoka, au na soketi na nyaya za ile mota kama zimeingia kutu. Isuzu D-Max za mwanzo nazo zina kifaa cha vakyumu kwenye ekseli ya mbele. Na ndugu wenye Nissan Patrol Y61 watambue kwamba habu zao otomatiki zina sehemu ya kugeuza kwa spana kutoka AUTO kwenda LOCK, kwa hiyo habu ikigoma njiani kuna namna ya kuifunga kwa mkono na kufika nyumbani.

Chumvi ya Lindi

Wakuu, ninaomba kuchangia kwa upande wa chumvi, maana pikapu yangu inaingia kwenye mashamba ya chumvi na kutoka na viroba. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, gari langu lilikuwa limepita kwenye maji ya kina siku nzima upande wa huku Lindi. Baada ya hapo habu moja ikawa haifungi. Tulipoifungua, grisi ilikuwa imegeuka rangi ya maziwa ya chai, na kwenye kona za kasha kulikuwa na kitu kigumu cheupe ambacho ukikikwangua kwa kucha kinatoka kama unga. Gia inayoteleza haikuwa inateleza tena. Ilibidi kuigonga kwa ubao ili itoke. Meno yake yalikuwa mazima kabisa. Baada ya kusafishwa, kukaushwa na kuwekewa gasketi mpya, habu imefanya kazi mpaka leo. Ninachotaka kujua ni maji yanaingiaje humo ilhali kasha limefungwa kwa bolti pande zote.

Gereji ya Mikindani

Mkuu wa Lindi, maji hayahitaji tundu kubwa. Habu na beringi zikiwa zimepata joto la mwendo, hewa iliyomo ndani imetanuka. Ukiingia mtoni ghafla, chuma kinapoa, hewa inasinyaa, na kasha linanyonya kutoka nje. Gasketi iliyochoka, au sili ya nyuma iliyolika, inatosha kuyaingiza maji. Mwenye nafasi asimame kidogo habu zipoe kabla ya kuvuka. Na anayelipeleka gari ufukweni Msimbati asidhani kwamba kuliosha bodi kwa maji baridi kumemaliza kazi. Kama tairi lilizama, habu ifunguliwe.

MwanaMasasi

Fundi amesema kila kitu. Ninaongeza juu ya grisi, kwa sababu hapa ndipo habu nyingi zinapouawa na mikono yenye nia njema. Fundi anafungua habu, anaiona kavu, anaijaza grisi nzito ya beringi mpaka inafurika, akidhani kwamba nyingi ndiyo nzuri. Kumbukeni kwamba habu otomatiki inategemea gia inayoteleza kwa uhuru na springi dhaifu kiasi inayoirudisha. Grisi nzito iliyojaa, ikichanganyika na vumbi letu jekundu, inageuka kama udongo wa kufinyangia, na gia inakwamia katikati: haifungi ipasavyo wala haifunguki. Kipande cha msuguano nacho kikilowa kupita kiasi kinateleza, na kisipokamata, hakuna kitu cha kuizuia ile nusu ya chuma chenye miteremko, kwa hiyo kufunga hakuanzi kabisa.

Osha sehemu za habu kwa mafuta ya taa au dizeli safi, zikaushe kabisa, kagua ncha za meno na springi, tazama kama kipande cha msuguano kimelika, kisha paka utando mwembamba wa grisi laini ya aina inayotajwa na kitabu cha gari. Beringi za tairi zina grisi yake na mahali pake. Zisichanganywe na habu. Unapotoa ile pete ya chuma inayobana ncha ya shafti, hesabu washa zilizo nyuma yake na uzirudishe kwa mpangilio ule ule, maana ndizo zinazoamua shafti isogee kiasi gani nje na ndani. Piga picha kwa simu kila unapotoa kipande. Na usichanganye vipande vya kushoto na vya kulia kwenye beseni moja.

Dereva wa Liwale

Ndugu zangu, nimerudi na majibu. Jumamosi tulifanya jaribio la chaki pale nyumbani. Tulipoinua tairi la kulia, likazunguka na shafti yake ikatulia, kwa hiyo habu ya kulia ndiyo isiyofunga. Kushoto ni nzima. Tulipofungua kulia tulikuta grisi nyeusi imejaa hadi kwenye kifuniko, na ncha za meno matatu ya gia inayoteleza zimeviringika kidogo, ila si za kutisha. Tumeosha na kupaka grisi kidogo. Kwenye mchanga sasa gari linavuta, na tairi likiinuliwa linagoma kama ilivyoelezwa. Lakini sauti ya ka-ka-ka imebaki kwa mbali, inasikika mara moja moja ninapokata kona. Tulipolishika tairi juu na chini na kulitikisa, linacheza. Je, ni habu tena?

Gereji ya Mikindani

Kaka, hapo umefika kwenye chanzo chenyewe. Tairi linalocheza juu na chini ni beringi iliyolegea au iliyolika, au viungo vinavyoshikilia tairi kwenye gari (bol jointi). Mwambie mwenzako akanyage breki huku ukilitikisa tena. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, tazama viungo. Beringi ikilegea, kasha la habu linayumba huku shafti haiyumbi, meno hayakutani sawasawa, na kile kipande cha msuguano hakikai mahali pake. Ukibadilisha habu hata kwa mpya kabisa bila kurekebisha beringi, mpya nayo italiwa.

MwanaMasasi

Ninaungana na fundi. Beringi ikaguliwe, kama ina madoa ya kutu au imebadilika rangi kwa joto ibadilishwe, kisha nati ikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari na kifaa chake cha kuzuia kirudishwe. Usikaze kwa kubahatisha, kwa sababu beringi iliyobanwa kupita kiasi inapata joto na kuharibika kama ile iliyolegea. Ile gia yenye ncha zilizoviringika inaweza kubaki kwa sasa ikiwa inafunga hadi mwisho, lakini itazame tena baada ya mvua, na ukisikia mlio ukiongezeka kwenye mwendo ulionyooka, ibadilishe.

Pia, ndugu, pima matairi yako ya mbele na ya nyuma. Ukiwa na matairi yaliyolika mbele na mapya nyuma, au ya saizi tofauti, mizunguko haitalingana, ekseli mbili zitakuwa zinavutana, na habu itakuwa ngumu kufunguka hata ukirudi nyuma kama inavyotakiwa.

Dereva wa Liwale

Nimekagua. Kwa mguu kwenye breki mchezo umepotea, kwa hiyo ni beringi. Matairi ya mbele ni ya zamani na ya nyuma yalibadilishwa mwezi uliopita, saizi iliyoandikwa ni ile ile. Beringi nitazipata Nachingwea kesho. Je, bolti za kasha la habu zikishafungwa kuna haja ya kuzirudia?

MwanaMasasi

Ndiyo. Zifunge kwa kipimo cha kitabu cha gari na kwa mpangilio wa kuvuka, moja na inayotazamana nayo, ili gasketi mpya ilale sawasawa. Endesha kwenye barabara ya vumbi hadi ukutane na mchanga wa kwanza, ingiza fowili na uitoe kwa kurudi nyuma, kisha simama uzikaze tena kwa kipimo kile kile. Ukiona grisi imechuruzika kwenye rimu, gasketi haijakaa na kasha lifunguliwe upya kabla hujavuka maji yoyote.